Mstari mmoja ao miwili? Chembe za zahabu zinazopima sumu ndani ya mahindi



Mwisho wa msimu A tulipita katika depo ya koperative moja ya bonde la Ruzizi. Jina lake hatulitaji, kwa sababu kosa lilikuwa letu kuliko lao. Mezani tulikuta bandeleti kumi na moja zimepangwa vizuri, kila moja imeandikwa jina la mwanachama aliyeleta loti yake ya mahindi. Mama mwenye kuchunga depo alikuwa amefanya kila kitu kama tulivyofundisha katika formasio: amesaga, ametia alkoli, ametikisa, ameacha itulie, amechovya. Kazi safi. Kisha akatuonyesha pembeni magunia yenye alama ya msalaba wa makaa.

«Haya niliyakatala», akasema.

«Juu ya nini, mama?»

«Yalitoa mistari mbili. Mistari mbili njo ugonjwa. Kila mama anajua ile.»

Na ni kweli, kila mama anajua. Mtoto akipata homa, reko wa kijiji anamtoboa kidole, anatia tone la damu kwenye teste ya malaria, na mistari miwili ikitokea, mtoto anapewa dawa. Lakini kwa bandeleti ya aflatoksini maana ni kinyume kabisa. Loti nane alizozikataa ndizo zilikuwa nzuri. Zile tatu zilizotoa mstari mmoja, jumla magunia saba, alikuwa ameziuza siku mbili mbele kwa mama mmoja wa Bukavu anayesaga bunga ya uji wa watoto.

Tutarudi kwa yale magunia saba. Kwanza tueleze kitu ambacho katika formasio tulikipita haraka haraka, tukiwaachia watu karatasi ya Kifaransa yenye maneno «positif» na «négatif»: namna bandeleti inavyofanya kazi ndani, na kwa nini mistari yake inasema kinyume cha ile ya malaria. Mtu akiisha kuelewa sababu, hawezi tena kuchanganya.

Zahabu ambayo si ya njano

Ile rangi nyekundu unayoona kwenye mstari ni zahabu. Ndiyo, zahabu ileile inayochimbwa Kamituga na Luhwinja, lakini imefanywa kuwa chembe ndogo sana. Chukua milimeta moja kwenye rula ya mtoto wa shule, uikate vipande milioni moja: kipande kimoja ni nanometa. Chembe za zahabu za bandeleti mara nyingi ziko kati ya nanometa 20 na 40. Unywele mmoja wa kichwa una upana wa nanometa 80,000 hivi. Basi chembe elfu mbili zingejipanga mstari mmoja bila kupita upana wa unywele.

Zahabu ikifika udogo ule, inaacha kuwa ya njano. Mwangaza unapoipiga unatikisa umeme wa juu ya chembe, na rangi inayotufikia ni nyekundu kama divai. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alielezea maji mekundu ya namna hiyo mwaka 1857. Na kuna jambo moja zaidi: chembe zikikaa mbalimbali maji yanakuwa mekundu, zikishikamana makundi makundi yanageuka bluu ao zambarau. Kwa hiyo mtu akiweza kuziamuru chembe zishikamane tu pale zinapokutana na kitu fulani, rangi yenyewe itamwambia kama kitu kile kipo. Mwaka 1996 Chad Mirkin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walionyesha njia ya kuziunganisha kwa nyuzi za ADN. Mwaka 2007 kundi lake lilitumia njia hiyo kutambua zebaki ndani ya maji. Tunaitaja kwa sababu wengi wenu mnakaa chini ya mito ambako watu wanaosha zahabu kwa zebaki. Hapa sumu ya zahabu inagunduliwa kwa zahabu yenyewe, ila hiyo ni kazi ya labo, si bandeleti ya depo.

(Tulipoeleza haya, kijana mmoja aliyewahi kuchimba Kamituga aliuliza kama bandeleti zilizotumika zinaweza kukusanywa na kuuzwa. Hapana, ndugu. Bandeleti elfu moja hazikupatii hata gramu moja.)

Kwa nini mistari inasema kinyume

Chembe ya zahabu peke yake haina akili. Akili yake inatoka kwa kitu inachovikwa: antikori, vitu vidogo ambavyo mwili hutengeneza kwa kushika adui mmoja tu, kama ufunguo na kufuli. Tuseme ni mikono. Chembe yenye mikono ya malaria inashika kitu cha malaria na kuacha vingine vyote. Ndiyo maana wenye kuandika juu ya mambo haya wanaziita chembe erevu, zinazojibu: zinakaa kimya mpaka zikutane na kitu zilichofundishwa kukitambua.

Katika teste ya malaria, kinachotafutwa ni protini ya mdudu wa malaria inayoitwa HRP2. Protini hiyo ni kubwa. Mikono miwili inaweza kuishika mara moja, kama gunia la mihogo linalobebwa na watu wawili. Chembe ya zahabu inaishika upande mmoja, zinasafiri pamoja juu ya karatasi, na zinapofika kwenye mstari wa teste zinakuta mkono wa pili uliogandishwa pale, unashika upande mwingine. Zahabu inarundikana, mstari unaonekana. Kama hakuna malaria, zahabu inapita bila kushikwa. Basi mstari wa teste ni ugonjwa.

Aflatoksini ni ndogo mno. Si gunia, ni kama punje moja ya maharagi: mkono mmoja ukiisha kuifumba, hakuna pahali pa mkono wa pili. Kwa hiyo watengenezaji walifanya hila nyingine. Kwenye mstari wa teste waligandisha aflatoksini yenyewe, kidogo tu. Chembe za zahabu zenye mikono mitupu zinapofika pale zinaishika, zinabaki, na mstari unatokea. Lakini kama ndani ya maji ya mahindi yako mlikuwa na sumu, chembe zimekwisha kujaza mikono yao njiani. Zinafika kwenye mstari na kupita, kama mtu anayerudi sokoni na mizigo mikono miwili, hawezi kukusalimia. Mstari hautokei.

Kwa hiyo: mstari wa C (wa kuhakikisha) lazima uonekane kila mara. C pamoja na T, mistari miwili, maana yake sumu iko chini ya kipimo cha bandeleti. C peke yake, mstari mmoja, maana yake sumu imepita kipimo. C isipoonekana, bandeleti imeharibika, itupwe, hata kama T imetokea. Na T ikiwa hafifu, unaangalia kwa macho makali ukijiuliza kama upo ao haupo? Fuata karatasi ya ndani ya boksi, kwa maana watengenezaji hawasemi wote sawa. Sisi, katika shaka, tunaweka loti pembeni na kupima mara ya pili.

Soma kwa dakika zilizoandikwa, si kabla na si baada. Bandeleti iliyolala mezani mpaka jioni inaweza kuonyesha kitu ambacho hakikuwepo, ao kuficha kilichokuwepo. Na usifungue pakiti mapema: unyevu wa hewa yetu unaiharibu kabla hujaichovya. Jambo lingine tuliloulizwa mara nyingi: kama alkoli ya boksi imeisha, tunaweza kutia kanyanga? Hapana. Nguvu ya kanyanga haijulikani, leo kali kesho nyepesi, na hesabu ya bandeleti imefanywa juu ya nguvu moja.

Gramu moja katika magunia elfu moja

Kipimo kinachofuatwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni ppb 10 za aflatoksini zote pamoja, na ppb 5 kwa ile mbaya zaidi inayoitwa B1. Kongo yetu imeingia katika Jumuiya mwaka 2022, kwa hiyo namba hizi zinatuhusu. ppb 10 ni nini? Ni gramu moja ya sumu iliyotawanyika ndani ya tani 100, yaani magunia elfu moja ya kilo 100. Ndiyo maana jicho haliwezi kuiona wala ulimi kuionja. Mahindi yenye kuvu la kijani-njano yanatia shaka, ila mahindi yanayoonekana safi pia yanaweza kuibeba.

Angalieni basi bandeleti yenu imepimwa kwa namba gani. Kuna za 4, za 10, za 20. Bandeleti ya 20 ikikupa mistari miwili, mnunuzi anayefuata 10 bado anaweza kukukatalia, na atakuwa na haki. Biashara hiyo si mchezo: mwezi wa tatu 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hizi za kuvu.

Na si biashara tu. Sumu hii ilijulikana mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Mwaka 2004 kule Kenya, sehemu za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 wakafa. Hiyo ni sumu nyingi kwa wakati mmoja. Sumu kidogo kidogo ya kila siku haiui mwezi huu. Inashambulia ini mpaka kuleta kansa, zaidi kwa mtu mwenye hepatite B, na imeonekana kwenda pamoja na watoto kudumaa. Kupika hakuiondoi. Kutengeneza kasiksi ao pombe nyingine kwa nafaka iliyooza hakuiondoi. Kuwapa kuku na bata ni kuwaua polepole, na ng'ombe akila sumu hiyo inatoka katika maziwa.

Shida kubwa iko kabla ya kuchovya

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu hapa ndipo koperative nyingi zinapoteza dola za bandeleti bure.

Sumu haikai sawasawa ndani ya loti. Kuvu linaingia kwenye punje zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika, zilizolala chini ya shitingi yenye maji. Punje mia zinaweza kuwa safi kabisa, na moja ikabeba sumu ya kutosha kuchafua kilo kadhaa. Sasa wewe unachota kiganja kimoja juu ya gunia, pale ambapo mkono unafika kwa urahisi. Kama punje ile mbaya iko chini, bandeleti itakupa mistari miwili, na itakuwa imesema kweli juu ya kiganja chako, uongo juu ya gunia lako. Chembe ya zahabu inajibu kile ulichoipa tu.

Kwa hiyo chota kidogo kidogo kutoka kila gunia la loti: juu, katikati, chini, pembeni. Bora uwe na bomba la kuchomea gunia. Usipokuwa nalo, chota wakati mnamimina mahindi kutoka gunia moja kwenda lingine. Kusanya kilo tano, changanya juu ya shitingi safi, gawanya mafungu manne, ondoa mawili ya kukabiliana, changanya tena. Kilo moja hadi mbili inayobaki saga yote, iwe laini kama bunga, ndipo uchote gramu zinazohitajika. Kosa tunaloliona kila mahali ni kuchota gramu 20 za punje kwanza, halafu kuzisaga. Ukifanya vile umerudi kwenye kiganja.

Osha kinu baada ya kila loti. Bunga la loti mbaya likibaki ndani, loti inayofuata itahukumiwa kwa dhambi ya jirani.

Na kabla ya kununua bandeleti yoyote, hakikisheni mahindi yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi mpaka robo, tia vijiko viwili vya chumvi iliyokauka juani, tikisa dakika moja, iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana maji zaidi ya asilimia 15, yarudi juani. Tunataka asilimia 13. Huku juu Kabare na Walungu baridi inachelewesha kukauka. Bondeni joto linapendelewa na kuvu. Kila upande una shida yake.

Jambo moja zaidi: bandeleti ya aflatoksini haioni sumu nyingine za kuvu, kama fumonisini. Mistari miwili haimaanishi mahindi ni safi kwa kila kitu.

Chembe zilezile hospitalini

Wengi waliuliza kama chembe hizi ni dawa pia. Za zahabu mnazoshika ni za kupimia tu. Lakini wazo la chembe inayojibu limefika mbali katika dawa. Katika miaka ya 1960, Alec Bangham wa Uingereza alionyesha kwamba mafuta fulani yakiwekwa majini yanajikunja yenyewe kuwa vifuko vidogo. Baadaye waganga walitia dawa ndani ya vifuko hivyo. Kala-azar, ugonjwa unaoletwa na usubi katika sehemu za Kenya, Uganda na Sudan, una dawa moja inayoitwa amfoterisini B; ikitiwa ndani ya kifuko cha mafuta haiumizi figo kama zamani.

Chanjo za Covid za Pfizer na Moderna zilikwenda mbele zaidi. Zilibebwa katika chembe za mafuta ambazo ndani ya damu zinatulia, hazina chaji ya umeme. Seli ikiisha kuzimeza, zinajikuta katika mfuko wenye uchachu, na uchachu ule ndio ishara: mafuta yanapata chaji, yanapasua mfuko, ujumbe wa chanjo unatoka. Mwenye kutengeneza mashanza ataelewa upesi: maziwa yanakaa maji mpaka uchachu ufike, ndipo yanageuka. Hakuna mtu anayeyaamuru.

Neno «nano» limekuwa pia la kibiashara, na hapo tunawaomba muwe wagumu. Mwaka 2021 India ilianza kuuza urea ya maji ya nano, chupa ya mililita 500 ikisemwa inachukua nafasi ya gunia la urea la kilo 45. Fanyeni hesabu. Chupa ile, kwa azoti ya asilimia 4, ina gramu 20 za azoti. Gunia la kilo 45, kwa asilimia 46, lina kilo 20 na zaidi. Ni mara elfu moja. Wanasayansi wengi, hata wa India kwenyewe, hawakukubali madai yale. Mtu akikuletea chupa ya namna hiyo, muulize azoti ngapi, uzidishe mwenyewe.

Yale magunia saba

Tulimpigia simu yule mama wa bunga tukiwa bado depo. Magunia matano yalikuwa yangali yamefungwa nyuma ya nyumba. Mawili yalikuwa yamesagwa, yamechanganywa na soya na mtama, na nusu ya bunga ilikuwa imeuzwa. Tulipima iliyobaki: mstari mmoja.

Hakukubali kutupa mara moja, na hatumlaumu. «Nani atanilipa?» aliuliza. Koperative ikamrudishia pesa ya magunia yote saba, baada ya mkutano mrefu ambamo mzee mmoja, ambaye mahindi yake yalikuwa kati ya yaliyokataliwa, alikuwa amekwisha kusema anatoka katika koperative. Kuambiwa mbele ya wenzako kwamba chakula cha shamba lako ni sumu si jambo dogo. Tuliwaomba radhi wale wanane mmoja mmoja. Mahindi mabaya yalizikwa katika shimo refu pamoja na majivu, mbali na kuku. Mama wa bunga alipita kwa wanunuzi anaowajua, akawaomba warudishe. Wengine walirudisha pakiti, wengine walikuwa wamekwisha kupika. Wale waliopita tu sokoni hakuna aliyeweza kuwafuata.

Karatasi ya Kifaransa tumeiondoa. Ile mpya ina picha, gunia pembeni ya bandeleti, bila neno «positif», na maneno yake tuliyachukua juu ya mlango wa ile depo, ambako mama mwenye kuichunga aliyaandika kwa makaa siku ileile:

MALARIA 2 = MUBAYA
MAHINDI 2 = MUZURI